Waya Uliopita Kihambani kwa Rogath

Mwika, Moshi
Jumapili, 17 Novemba 2002

Mpendwa mdogo wangu Aristides,

Marahaba. Naitanguliza kabisa, maana najua shikamoo yako iko njiani, na kwa posta yetu hii inaweza kufika mimi nikiwa sina meno ya kuitikia. Shimbonyi, mdogo wangu? Gaborone mmeamkaje? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na masomo? Na kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimepona, au bado unajifanya kijana na kutembea bila sweta?

Huku tu wazima, kwa maana ya kwamba tunapumua. Vuli imenyesha kidogo ikaondoka bila kuaga. Migomba inajikaza. Kahawa usiniulize. Watu wanaing'oa mchana kweupe na kupanda nyanya, na marehemu Baba angeliona jambo hilo angefufuka atuchape wote, wakubwa kwa wadogo.

Mama yupo. Miguu inavimba, na daktari wa zahanati anasema moyo umechoka. Hakuficha neno, nami sikufichi. Ngazi ya mlangoni anaishuka kwa kushikwa mkono. Chakula anaonja tu. Juzi nilimpelekea mtori akala vijiko vichache, kisha akaniambia nimetia chumvi kama ninayelisha ng'ombe. Kwa hiyo ulimi bado ni mzima.

Sasa nije kwenye lile linalokusumbua. Najua unapiga simu dukani kwa Doris kila Jumapili na kila Jumapili unaambiwa haipandi, haipandi, kisha inakatika. Doris si mtu wa maelezo, na simu ya kutoka nje haimngojei mtu apange maneno. Nakueleza mimi, tena tangu mwanzo, kwa sababu waya ule umeutumia miaka mitatu na hujawahi kuuona hata kwa macho.

Unakumbuka wezi walipobeba nyaya za simu za huku juu. Wenye simu wakaja na gari, wakapima, wakatikisa vichwa, wakasema wateja wa mlimani ni wachache mno, haiwalipi kurudisha. Soko huria hilo. Ikabaki simu moja tu, ya pale sokoni kwa Doris. Mtu akiugua huku juu, anatumwa kijana akimbie mpaka zahanati kuulizia gari, na mara nyingi gari likifika tunalipokea kwa matanga.

Ndipo Mzee Sylvanus, mwenyekiti wa mfongo wetu wa maji, alipotuita. Akasema, mababu zetu walileta maji kutoka msituni bila kumwomba mzungu wala serikali, walichimba mfereji kwa majembe ya mkono, kila ukoo kipande chake. Sisi tunashindwaje kuleta waya? Ee, Aristides, siku hiyo watu walipiga makofi! Hata mimi, na unajua mimi si mwepesi wa makofi.

Tukaenda mjini kwa Kulwant, yule Singasinga wa vipuri, ambaye baba yake alikuwa akitengeneza mashine za mashamba ya mkonge. Mashamba yalipofungwa, simu zao za kuzungusha mpini zilibaki stoo kwake pamoja na marobota ya waya wa shaba. Alitupa vyote kwa bei ya kuona aibu, na akaja mwenyewe kutufundisha, na kilemba chake kikinaswa kwenye migomba kila hatua. Nguzo hatukununua. Tulifunga waya kwenye miti ya migrevilea ya mashamba yetu ya nyumbani, kihamba kwa kihamba, kutoka kwa Doris, zahanati, parokia, kwa jirani Rogath, kwangu, mpaka kwa Mama kule mwisho kabisa.

Na kila Jumapili ulipopiga, Doris alikuwa akichukua mkono wa simu yako na mkono wa simu yetu, anaugeuza mmoja, mdomo kwa sikio, sikio kwa mdomo, anaifunga pamoja kwa mpira wa baiskeli. Hivyo ndivyo sauti yako ilivyopanda mlima. Hukujua hilo, sivyo? Ulidhani ni mitambo. Ni mpira wa baiskeli, mdogo wangu, na Doris akiwafukuza wateja wasipige kelele.

Kulwant alisema waya huohuo, ukitunzwa, siku moja ungeweza kupandisha hata hizo barua za kwenye kompyuta. Akatupatia kompyuta moja kuukuu tuanze nayo. Ipo stoo ya parokia, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Panya wanazaliana ndani yake.

Kosa letu lilikuwa hili, nami sijui kama kuna watu wengine duniani wangelifanya. Waya tuliutawala kwa sheria za mfongo. Kila ukoo na kipande chake cha kusafisha matawi, asiyekuja kazini analeta pombe ya mbege kama faini, na asiyeleta mbege anafungiwa. Kwenye maji sheria hiyo imefanya kazi tangu enzi za mababu. Unamfungia mtu zamu yake, anakaa na ukame wake siku kadhaa, anapata adabu, anakuja na mtungi.

Rogath akaanza kukosa kazi. Si kwa uvivu, nimtetee. Kahawa yake haikumpa kitu, akaanza kushusha ndizi Himo, na siku zetu za kazi zikawa ndizo siku zake za soko. Mbege hakuleta. Kamati ikakaa, na sote tukanyoosha mikono. Mzee Sylvanus akaenda na panga lake akakata waya mdogo ulioingia nyumbani kwa Rogath, kama anavyoziba mlango wa mfongo, akarudi nyumbani akalala usingizi mzuri.

Rogath akangoja kuche. Asubuhi alipanda juu ya migrevilea yake, mmoja baada ya mwingine, akaufungua waya mkubwa, akauachia chini. Tulipomkimbilia akasema, "Mmenifungia simu, sawa. Na mimi kihamba changu nimekifungia waya."

Hapo ndipo tulipogutuka. Mfongo, Aristides, hakuna mtu anayethubutu kuuziba usipite kwake, hata awe na hasira ya nyoka. Umechimbwa na waliolala chini, na mtu anawaogopa. Waya hauna mababu. Nani amwogope nani? Umefungwa juzi, kwa mpira na ngazi ya kukodi. Hatukuandikiana hata mstari mmoja, maana tulidhani heshima ya maji itapanda juu ya miti yenyewe.

Ungefikiri basi, watu wazima, mambo yangeishia hapo. Apelekwe isale, yaishe. Wewe umeondoka zamani lakini hujasahau kwamba mtu akiletewa jani la isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama ameuawa mtu. Lakini isale hubebwa na aliyekosa. Sylvanus akasema aliyekosa ni Rogath, ameangusha mali ya kijiji. Rogath akasema aliyekosa ni Sylvanus, ameingia kwake na panga. Kila mmoja na boma lake limezungukwa na isale tupu, hakuna wa kuchuma jani moja. Nilikwenda kwa Sylvanus, nikaenda kwa Rogath, nikarudi kwa Sylvanus. Nilimwambia, "Mzee, shikamoo, lakini unatuua." Akaitikia marahaba na kuniuliza kama ng'ombe wangu amezaa.

Kwaresma ikapita hivyo. Kiangazi chote kikapita. Waya umelala majanini kihambani kwa Rogath, bubu, na kipande cha kule chini, bila sisi wa juu, hakikuwa na faida yoyote kwa mtu, kwa hiyo matawi hayakukatwa na hakuna aliyeutazama tena. Zamani Doris alikuwa akizungusha mpini kila jioni kuujaribu, tungejua mara moja kama una hitilafu. Sasa ajaribu nini?

Sylvanus alishindwa na mkewe mwishowe. Mwezi wa tisa alibeba isale mwenyewe, ameinamisha kichwa, akaiweka mkononi mwa Rogath. Rogath akalia. Kweli, akalia mbele ya watu. Mbege ikanywewa, mbuzi akachinjwa, wakakumbatiana mpaka kofia ya mzee ikadondoka. Kesho yake tukaenda na ngazi kuufunga waya.

Haukuwepo. Kuanzia kwa Rogath mpaka sokoni, hakuna hata unyuzi. Mjini wananunua shaba kwa kilo siku hizi, hawaulizi imetoka wapi. Wameukunja taratibu kama mama anavyokunja uzi wa kufumia, na vikombe vya chupa tulivyofungia waya wametuachia juu ya miti. Tumesameheana vizuri sana, mdogo wangu. Tumesameheana chini ya miti mitupu.

Tuliita mkutano wa kuanza upya. Walikuja wazee, na mimi, na mbwa wa Sylvanus. Kulwant anafunga duka, anawafuata wanawe Uingereza, na waya mwingine hana. Vijana wanasema tunapoteza muda, mnara wa simu za mkononi umeshasimama kule chini Himo, tungoje. Tumengoja. Huku kwetu kwenye makorongo mtandao unashika mahali pamoja tu, makaburini pa parokia, tena usimame upande wa msalaba wa padre wa zamani na kuinua mkono. Nilimwambia Mama tumbebe kwa kiti siku moja, tuazime simu, uzungumze naye hapo. Akanitazama. "Huko nitapelekwa tu, Theodora. Msiniharakishe."

Nimechoka, Aristides. Sitakupamba maneno. Nilipokuwa msichana niliamini watu wa mlima huu wakishikana hakuna kinachowashinda. Sasa naona tunajua kushikana kwa vitu vya zamani tu, na kila kipya tunakivunja kwa mikono yetu wenyewe kabla mwizi hajafika. Mwizi anakuja kuokota.

Na lingine nitalisema, ukinuna ununie huko huko. Kabla ya waya ulikuwa ukija kila Krismasi. Ulikuwa unashuka Himo na mabegi, Mama ameshasikia harufu yako toka barabarani. Waya ulipokuja ukaanza kusema, mwaka huu tutaongea kwa simu, Mama, nauli ni kubwa, likizo ni fupi. Akakubali. Kitindamimba wake, mwenye nyumba ile na kihamba kile, akawa sauti ndogo ndani ya kisanduku, naye akatosheka. Nami niliyebeba ngazi kwa ajili ya waya huo sikuliona.

Safari hii wezi hawakufika huku juu. Pale walipoishia ni kwa Rogath, kwa hiyo kipande cha kutoka kwangu mpaka kwa Mama bado kipo kizima. Ni waya usiokwenda popote. Nilitaka kuung'oa, Mama akakataa.

Wasalimie wote. Doris anakusalimu na anaomba usimlaumu. Mzee Sylvanus anakusalimu. Amekonda, hazungumzi tena mikutanoni. Rogath naye anakusalimu, na tangu siku ile ya isale anamletea Mama ndizi mbivu bila kuombwa, anaziweka mlangoni na kuondoka. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na kama ana njia ya kukuleta hapa kabla ya Noeli, aifungue upesi.

Nimalizie kwa kukuambia jambo la leo. Kila Jumapili watu wakitoka misani, Mama anavaa kitenge kizuri, anavuta kigoda chake mpaka kwenye simu na kuzungusha mpini. Inalia kwangu, kwa kuwa hakuna pengine pa kulia. Wiki za mwanzo niliiacha ilie. Leo nimeinyanyua, nikasema, "Mama, ni mimi."

Nikasikia kigoda chake kikisogea. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Toka kwenye waya, Theodora. Mwanangu anataka kupiga."

Nimetoka.

Dada yako anayekupenda na kukukasirikia kwa moyo uleule,

Theodora