Mama Anaua Makali ya Kisu cha Baba kwa Siri

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nyumbani hapakaliki na usingizi umenihama.

Baba yangu ni fundi wa makochi, na tangu mkono wake wa kulia uanze kutetemeka mimi ndiye ninayemnolea kisu chake cha kukunja, kile anachokatia ngozi na sponji, na kwa kuwa anapenda kikate bila kusukumwa nimekuwa nikikilaza kabisa kwenye jiwe mpaka makali yakawa membamba kama wembe, lakini kila mara analalamika kuwa kisu ni butu tena kina mapengo, nami nikamwambia, "Baba, ni wewe unakigongesha kwenye pini za chuma zilizo kwenye mbao," akautazama mkono wake akasema polepole, "Basi mkono umekwisha, mwanangu."

Kumbe kuna lingine. Asubuhi moja nilimkuta mama amechuchumaa nyuma ya jikoni anasugua makali ya kisu kile kwenye ngazi ya saruji, na nilipomuuliza hata hakushtuka, akaniambia, "Afadhali alaumu kisu kuliko nimkute kalowa damu. Na ukimwambia, jua umenigombanisha na mume wangu uzeeni," nikanyamaza, na haikupita wiki baba akakisukuma kwa nguvu zote kwenye ngozi ngumu, kikateleza kikampasua kiganja cha kushoto, akashonwa, na sasa amesema Jumamosi fundi mwenzake aje achukue vifaa vyote, kazi basi, na tangu hapo anakaa kwenye kochi ambalo hajalimaliza, mikono mapajani, mama naye anamfunga kidonda bila kumtazama usoni. Nikisema namsaliti mama, nikinyamaza namzika baba akiwa hai. Nifanyeje?

Binti wa fundi

MSHAURI ANAJIBU

Pole, binti. Hofu ya mama yako ni ya kweli, nami simcheki, lakini alichofanya ni hatari kuliko alichokiogopa: kisu butu kinataka nguvu, na nguvu kwenye mkono unaotetemeka ndiyo iliyompasua mzee. Wewe nawe usijifanye mtazamaji. Makali uliyoyanoa yalifaa sponji tu. Yakigusa pini yanameguka, ndiyo yale mapengo, ukaenda kumtwisha baba lawama. Kisha ukaujua ukweli, ukaukalia mpaka akashonwa.

Usingoje Ijumaa. Mwite mama pembeni leo, mwambie aseme mwenyewe kwa mumewe, nawe ukae naye hapo hapo asiwe peke yake. Akikataa, sema wewe, mama akiwepo, na kosa lako ulitaje pia. Mzee atafoka. Mwache afoke.

Halafu kichukue kisu ukinoe upya. Safari hii unyanyue mgongo wake kidogo juu ya jiwe, makali yabaki na unene nyuma yake. Hakitapita laini kama alivyozoea, lakini kitakata, kitadumu, na hakitamlazimisha kusukuma. Kikague kile kibano kinachozuia kisu kisijikunje chenyewe. Kama kimelegea, kisu hicho kistaafu. Pini uzing'oe wewe kwa koleo kabla hajaanza kukata, na mkono wa kushoto avae glavu ya ngozi.

Baada ya hayo, mzee akiamua kuacha kazi kwa sababu ya mkono wake, mheshimu, umbebee vifaa mpaka mlangoni. Ila aamue akiwa anajua kilichompata.