Mawe Mbele ya Uzio

Moa, Tanga
Mei 1956

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua cha baba kiwe kimetulia licha ya baridi ya huko Mlalo. Mimi afya ninayo, ila nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Mshenga yuko njiani kuja kwenu. Baba mkwe amemtuma awaambie mje mnichukue, eti nimeleta mkosi. Sikiliza la kwangu kwanza.

Wiki ya harusi yetu mvua ilizidi, mto Umba ukashusha udongo mwekundu wa milima yetu. Juu bahari ilionekana safi, kumbe chini matope yanatambaa kama uji mzito. Baba mkwe akauogopea uzio wake, zile fito wanazosimika majini kunasia samaki. Akaamuru wanawe wapange mawe mbele ya uzio huo, matope yakome hapo.

Hayakukoma, Mama. Mchanga ulirundikana mbele ya mawe, matope mepesi yakaupanda kama ngazi, yakaruka na kujaa ndani ya uzio. Mengine yakazunguka pembeni kwa nguvu, yakachimba hadi fito za mwisho zikalala. Samaki hakuna. Basi wifi yangu akaja kunisimamia mlangoni, ningali ndani ya fungate na hina haijafifia, akasema, "Bibi harusi, wenzio huja na vyombo. Wewe umekuja na udongo wa kwenu."

Nililia. Lakini mume wangu, Mama, sijui uliniombea dua gani nikampata huyu. Alinifuta machozi kwa ncha ya kikoi chake. Nikachukua beseni la maji nimwonyeshe matope yanavyokwenda, nikaweka tofali katikati, nikamimina maji ya tope taratibu ukingoni. Tope likazama, likatambaa, likalipanda tofali. Nilipoliondoa tofali, tope likapita na kutandaa. Tulirudia mpaka tukacheka, akanipaka tope puani. Nampenda hadi naona haya kukuandikia.

Asubuhi akamwomba baba yake mawe yatolewe. Baba mkwe akajibu kwamba wa kutoka ni mimi, nirudi kwetu mpaka bahari itakate. Mume wangu akasema polepole, "Baba, nakuheshimu. Mke wangu haendi. Mawe ndiyo yanaondoka."

Maji yalipokupwa tukashuka wawili, bibi harusi wa fungate nimejifunga kanga kiunoni, mji mzima ukitutazama. Tuliyatoa yote, tukasimika upya fito zilizoanguka. Sasa matope yanapenya kati ya fito na kwenda kutua mbali, na juzi samaki aina ya changu wamenaswa. Baba mkwe amewala changu hao, akanawa mikono, ndipo akamtuma mshenga. Hilo ndilo linalonichoma.

Nisalimie baba, shangazi Mwanaidi aliyenisuka siku ya kuondoka, na kaka Shekue. Mwambie shemeji yake anamuulizia kila siku.

Mshenga akifika, mpikieni ale ashibe, mtandikieni alale. Kisha ashuke peke yake.

Ni mimi binti yako, mke wa mtu hapa Moa,
Zaina