Trekta Langu Si Skrepa

Jumatatu, 2 Desemba

Kuku nimewafungulia. Maji madumu manne, nimechota mwenyewe na miaka yangu sabini na tatu. Trekta nimelifuta vumbi kama kila asubuhi. Linang'aa. Zunguka Iramba yote, huoni trekta la umri ule linang'aa hivyo.

Rangi nilipaka mwezi wa tisa. Nyekundu. Nilifungua betri, nyaya, taa, nikapiga makoti mawili, sikubakiza kona. Yote kwa sababu ya Elia. Mtoto wangu wa kumzaa. Ana duka la mabati Singida mjini. Alisimama hapa uani akasema baba, hii ni skrepa. Skrepa! Chuma chakavu! Trekta lililomsomesha! Nikasema ngoja, utaona skrepa inavyong'aa.

Jana mvua ya kwanza imeshuka vizuri. Leo ndiyo siku ya kuliwasha, mara ya kwanza tangu msimu uliopita. Nimepanda. Nimezungusha ufunguo.

Tak.

Basi. Tak tu. Nimerudia mpaka mkono umechoka. Injini haijazunguka hata kidogo.

Jioni Elia kapiga simu. Mama yake ameshamwambia, huyu mwanamke hakai na neno. Mtoto anacheka. Anasema anamjua mtu mwenye lori la skrepa. Damu ikanipanda. Nikamwambia Jumamosi saa nne njoo na hilo lori, nikizungusha ufunguo lisiwake, libebe. Nimeapa. Mama Elia kasikia. Na neno langu halirudi nyuma, kijiji kizima cha Ulemo wanalijua hilo.

Ni betri tu.

Jumanne, 3 Desemba

Betri nimeifunga kwenye baiskeli nikaipeleka kuchajiwa. Imerudi saa tisa, imejaa. Nimefunga.

Tak.

Taa zinawaka vizuri. Nikizungusha ufunguo zinafifia kama macho ya mgonjwa. Nimepapasa waya mmoja mmoja. Nati ya ethi, ule waya mnene wa betri unaofungwa kwenye bodi, imeniunguza kidole. Shenzi kabisa.

Masanja kapita na ng'ombe wake wa kulimia. Huyu ni Msukuma, mtani wangu, yuko hapa miaka thelathini. Ana ng'ombe na pia ni fundi. Kaliona trekta limefunguliwa boneti. Akasimama, akavua kofia, akaanza kulia kama yuko msibani.

"Uuuwi! Marehemu alikula dizeli kuliko alivyolima! Mnyiramba, sanda nyekundu umeitoa wapi? Nilete ng'ombe wawili wamvute kaburini?"

Majirani wakatoka kuangalia. Wakacheka. Ng'ombe wavute trekta langu! Bora nife mimi. Lakini mtani hakasirikiwi, ndiyo mila, babu zetu walikubaliana hivyo. Nikameza. Nimemwambia aache kelele, kesho aje na spana.

Jumatano, 4 Desemba

Siku mbaya.

Masanja kaja asubuhi. Kabla hajashika kitu akauliza, "Hapo kwenye ethi ulikwangua?" Nikamwambia usinifundishe, trekta hili nimeliendesha tangu likiwa la kijiji mpaka nikalinunua, wewe ulikuwa unachunga ndama. Ethi nimefunga mwenyewe, pasafi, hapana hata alama ya kutu. Akachukua spana.

Tumeshusha stata. Nzito kama mbuzi dume. Kaifungua juu ya gunia, kasafisha kaboni, vile vijiti vinavyopitisha umeme ndani yake, kapaka grisi. Tukaijaribu pale chini, nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Imezunguka! Imeruka kama jogoo aliyechinjwa, Mama Elia akakimbia. Nimecheka mara ya kwanza wiki hii. Nikasema unaona, trekta langu si skrepa.

Tukairudisha. Tukafunga. Nikapanda.

Tak.

Chini inazunguka, juu haizunguki. Inawezekanaje? Masanja akaanza tena, "Mnyiramba, hii stata inakuogopa wewe, shuka nipande mimi." Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia umebadilisha kaboni zangu, umeniwekea mbovu. Akadhani natania, akacheka. Nikasema mimi si mtani wako leo. Wewe ni mwizi. Nikamtupia spana. Haikumpata.

Akaacha kucheka. Akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akafuta na kitambaa, akaondoka.

Nilikuwa na haki. Nadhani nilikuwa na haki. Atakuwa amebadilisha.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeigonga stata kwa nyundo. Tak.

Watu wote wanalima. Mama Elia kaweka ugali mezani kama anamwekea mgeni asiyempenda.

Saa kumi nilikuwa getini, Masanja akapita. Nikajua atanipiga dongo, nikajiandaa kumjibu. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee." Akapita.

Shikamoo! Miaka thelathini hajawahi kuniamkia. Ananiita mchawi, mnywa togwa, baba wa skrepa. Leo shikamoo, kama naye ni mtoto wa shule. Sijaitika. Angenitukana ningelala vizuri.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua tena. Udongo uko tayari, unanukia. Mimi nimekaa.

Nimeazima betri ya lori kwa jirani, nikaunga mbili pamoja. Nikasema leo kwa nguvu, itake isitake. Nikapanda, nikazungusha ufunguo nikaushikilia hapohapo. Tak. Nikashikilia. Nikashikilia tena.

Mama Elia alikuwa anapeta mtama. Kasema, "Panaungua rangi."

Nikamwambia aangalie mtama wake.

Kasema tena, pole pole, "Baba Elia. Panatoka moshi hapo kwenye waya."

Nikashuka. Ni kweli. Chini ya ile nati ya ethi, palepale paliponiunguza kidole, rangi ilikuwa inatokota kama uji.

Nikaparuza kwa spana. Rangi tupu.

Rangi haipitishi umeme. Hata mtoto anajua. Mimi nilifungua waya, nikapaka makoti mawili mpaka pale pa waya, nikasubiri ikauke, nikafunga waya juu ya rangi. Mimi. Si panya, si betri, si Msukuma. Ndiyo maana stata ilizunguka chini. Kule chini hapakuwa na rangi yangu.

Na Jumatano Masanja aliniuliza. Swali la kwanza kabisa.

Mama Elia ananiangalia. Nikamwambia nimechoka, nitaendelea kesho. Nikaingia ndani. Nina hasira mpaka meno yanauma, na hakuna wa kumkasirikia.

Jumamosi, 7 Desemba

Asubuhi kando ya kikombe changu cha chai palikuwa na kipande cha msasa. Mama Elia alikuwa ameshakwenda shamba.

Nimefungua nati. Nimekwangua bodi mpaka chuma cheupe, duara, ukubwa wa kizibo. Katikati ya wekundu wote ule panaonekana kama kidonda. Nimekwangua kichwa cha waya pia. Nimefunga, nimekaza. Sikujaribu. Niliapa saa nne, basi saa nne.

Elia kaja na lori. Vijana watatu juu na minyororo. "Shikamoo baba." Marahaba. Nikapanda.

Nikazungusha ufunguo.

Injini ikazunguka mara moja, mara mbili, trekta likakohoa moshi mweusi, likawaka. Likanguruma mpaka kuku wakapanda ukutani. Vijana wa lori wakapiga makofi. Elia akauliza ilikuwa nini. Nikamwambia lilikuwa linasubiri uje. Akacheka, akainama kuangalia injini. Sijui kama alikiona kile kidonda. Lori likarudi tupu.

Kwangu sijalima leo. Nilikwenda moja kwa moja bondeni kwa Masanja. Ng'ombe wake wanalimia watu, shamba lake mwenyewe lilikuwa bado. Nimelitifua lote mpaka kwenye mfereji, mistari imenyooka kama kamba. Hakuwepo. Mke wake alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Sikushuka. Mtu akiniuliza nitasema nilikuwa najaribu jembe.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani. Tumerudi saa sita.

Nilikuwa kivulini. Masanja kaingia getini bila hodi. Hakuniangalia. Kaenda kwanza kwenye trekta, kainama pale kwenye ethi, kaweka kidole kwenye kile kiduara cheupe. Nikangoja shikamoo. Niliiogopa, nasema kweli, humu hakuna anayesoma.

Akanyanyuka.

"Nyie Wanyiramba," kasema, "hata chuma mnakipaka poda."

Kisha akaenda kwenye banda, akamkamata jogoo wangu mwekundu, yule mkubwa, akamweka kwapani. Mtani akichukua haulizi. Akatoka naye. Jogoo anapiga kelele njia nzima.

Mama Elia kacheka mpaka akakaa chini.

Jogoo yule alikuwa mzuri, hakuna kijijini aliye kama yeye. Kesho hapatakuwa na wa kuwika. Nitaamka mwenyewe, nikalime kwangu.