Yaliyokatwa Kwenye Video ya Unni

Nyumba ya Sreevalsam,
Barabara ya Chittur,
Palakkad.
14 Machi 2023

Mpendwa Mjomba Prabhakaran,

Shikamoo, Mjomba. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Muscat, na kwamba lile goti lako limetulia tangu wakuhamishie kazi ya ghala. Mama anauliza kama unakunywa ile dawa ya majani aliyokutumia, au umeiweka kabatini kama ya mwaka jana. Sisi huku joto limeanza mapema, kisima kimeshuka, lakini tunapumua.

Anayekuletea barua hii ni Shamsu wa duka la vitambaa, anarudi Muscat kesho. Nimempa pia chipsi za ndizi na achari ya maembe machanga. Ukiona mfuko umepungua, muulize yeye, maana alianza kuunusa tukiwa bado mlangoni.

Mjomba, najua umekasirika. Simu hupokei, za Mama hupokei, zangu ndizo kabisa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikata katikati. Nakuomba uisome hadi mwisho, kisha kama utaichana, ichane.

Nianze na mimi kidogo, kwa sababu ndipo habari yenyewe ilipoanzia. Unakumbuka nilikuambia chuo cha mifugo kinatutuma mafunzo ya vitendo mwaka huu wa mwisho. Mimi nilipangwa kwa Daktari Subhadra, yule mama mrefu anayezunguka miji yote ya kusini akipima tembo wa mahekalu. Tangu Januari tumelala zaidi kwenye treni kuliko kitandani. Kozhikode, Coimbatore, Madurai, Thanjavur. Kila mji tunashuka na mabegi ya dawa, tunakula idli kwa kusimama, tunakwenda kuinua miguu ya tembo.

Miguu ndiyo kazi yetu kubwa. Tembo wa mjini anasimama kwenye saruji mchana kutwa, na nyayo zinaoza. Thanjavur nilikaa chini ya mguu mmoja, nakata kucha na kukamua usaha, na waumini wanapita wanaomba baraka ya mkonga juu ya kichwa changu. Nilikuwa naogopa mwanzoni, sitakuficha. Siku hizi ninachoogopa zaidi ni Daktari akiona bandeji imelegea.

Tulipofika Palakkad kwa ajili ya sherehe za hekalu la Kizhakkekavu, nilifurahi sana. Nilikuwa nyumbani, na tembo wa kupimwa alikuwa Neelambaran, tembo anayechungwa na mwanao Unni. Najua hupendi kusikia nikisema hivyo. Ulitaka awe fundi mitambo, yeye akaacha chuo akaenda kuchunga tembo, na wewe ukasema hiyo ni kazi ya walevi. Lakini Mjomba, nimepita miji mingi sasa, nimeona wachunga tembo wa kila namna. Unni hanywi. Miguu ya Neelambaran ni safi, huenda kuliko ya wote tuliowapima. Daktari mwenyewe alisema, na yeye si mtu wa kusifu ovyo.

Sasa nije kwenye video. Nimeiona, kila mtu ameiona. Tembo anatembea katikati ya watu, watu wanapiga kelele, Unni anampa tembo mgongo na kukimbia. Kisha anamvamia mzee Sasidharan, katibu wa kamati ya sherehe, anamnyang'anya kitu na kumwangusha chini. Hapo inakatika. Walioisambaza wameandika juu ya picha, "Mchunga tembo mwoga apiga mzee hekaluni."

Mimi nilikuwepo, Mjomba. Nilikuwa nimesimama karibu na tangi la maji, begi la dawa begani. Nitakuambia nilichoona, bila kutia chumvi.

Neelambaran alikuwa amesimama uwanjani akivalishwa. Minyororo ilikuwa imefunguliwa ili wamfunge kamba ya kengele. Raghavan, mchunga wake mkuu, alikuwa ameenda kuoga kabla ya kupanda. Unni alifanya wanavyofanya wote huku: aliegemeza ile fimbo ndefu kwenye mguu wa mbele wa tembo, akazunguka upande wa pili kukaza kamba. Hili unalijua tangu utotoni. Fimbo ikiwa imeegemea, tembo hasogei. Hata mwenyewe aende zake kunywa chai, tembo atasimama pale pale, fimbo isianguke.

Basi waya wa taa za mapambo ulikuwa umelegea juu ya njia, na tembo angepita pale na mwavuli wa hariri. Mzee Sasi alikuwa anahangaika nao tangu asubuhi. Alikuwa amekwisha kumtania Unni, "We kijana, tembo wako ana adabu kuliko mkwe wangu. Mkwe wangu nikimwambia simama, ndiyo kwanza anaondoka." Kila mtu alicheka. Dakika chache baadaye akatafuta kitu kirefu cha kuinulia waya, akaona ile fimbo. Akaichukua. Mtu aliyezaliwa na kuzeekea kwenye sherehe za tembo, Mjomba! Haraka ya kazi tu, akili ikiwa juu kwenye taa.

Neelambaran aliona ameruhusiwa. Hakuwa na hasira wala wazimu. Alianza tu kutembea kuelekea lango la mashariki, kwa sababu bwawa liko upande huo na alikuwa na kiu. Lakini langoni, pale kwenye kivuli, kina mama walikuwa wamejaa chini na masinia yao ya taa, wengine vikongwe wasioweza kuinuka bila kushikwa mkono. Na ngoma zilikuwa zimekwisha kuanza.

Unni alimwita. Nilimwona akimwita, mishipa ya shingo imemtoka, lakini kwa zile ngoma hata mimi sikumsikia, seuze tembo. Watu wakaanza kupiga mayowe, na hapo ndipo tembo akatanua masikio na kuongeza mwendo. Unni akageuka, akakimbia. Ndiyo, alikimbia. Alikimbilia fimbo.

Mzee Sasi kwa hofu alikuwa ameing'ang'ania, macho yamemtoka, haelewi hata ameshika nini. Unni akamvuta, akamsukuma, mzee akaanguka. Sikatai. Lakini Mjomba, angesimama kumwomba kwa heshima, wale kina mama wangekuwa wapi?

Video ingeendelea kidogo tu, ungemwona mwanao akizunguka jukwaa la wapiga ngoma, akitokea mbele ya tembo, pale pale langoni, na kuiegemeza fimbo kwenye mguu ule ule. Na Neelambaran akasimama. Alisimama kama alivyofundishwa. Ila lango ni jembamba, na katika kusimama bega lake lilielemea ukutani, na Unni alikuwa kati ya bega na ukuta.

Nilifika pale, miguu yangu siijui ilitoka wapi. Alionekana uso tu, na mkono wa kushoto uliokuwa bado umeibana fimbo isidondoke. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjika pasipo na kiungo. Akiiachia fimbo, tembo atakwenda mbele, juu ya wale kina mama. Asipoiachia, uzito ule unabaki pale pale, mbavuni mwake.

Daktari alikuja na bunduki ya sindano ya usingizi. Akaiinua, akaishusha.

"Nikimpiga hapa atalala," akaniambia. "Na akilala, atamlalia huyu."

Unni alisikia. "Basi usipige, Daktari. Ondoeni kina mama kwanza."

"Unni, unaweza kupumua?" nikamuuliza, nalia ovyo.

"Kidogo kidogo. Wewe daktari mdogo, acha kunitolea macho. Mbebe bibi yule wa sari nyeupe, hatoki yule mwenyewe. Na mwambie asirudi kuchukua sinia!"

Tuliwabeba, Mjomba. Mimi, wapiga ngoma, vijana wa kamati, hata mzee Sasi alibeba mmoja. Bibi wa sari nyeupe alirudi kuchukua sinia kweli, ikabidi nimkokote. Kila nikigeuka namwona Unni amefumba macho, midomo inasogea. Nilidhani anasali. Nilipokaribia nikakuta anaongea na Neelambaran, anambembeleza, kaa hivyo mwanangu, kaa hivyo, umefanya vizuri.

Raghavan alifika nywele zinachuruzika maji. Alifunga mnyororo mguu wa nyuma, akaja mbele, akashika fimbo juu ya mkono wa Unni. Akamwambia, "Nimeishika, mdogo wangu. Achia." Unni hakuachia mpaka alipouliza kama njia ni nyeupe. Nikamwambia ni nyeupe. Ndipo alipoachia. Raghavan akamwamuru tembo, naye akarudi nyuma, taratibu kabisa, na Unni akateleza ukutani hadi chini.

Hayo ndiyo yaliyokatwa.

Sasa yuko hospitali, ghorofa ya pili. Mbavu zimevunjika, moja ilitoboa pafu, ana mrija ubavuni. Mkono wameufunga vyuma. Madaktari wanasema ataishi, lakini amedhoofika, na chakula hakipiti ila kidogo sana. Mwenye tembo amemsimamisha kazi kwa sababu ya ile video. Mzee Sasi bado hajafungua mdomo. Akiniona barabarani anavuka upande wa pili. Daktari ameandika maelezo yake na kuyapeleka kwa kamati, tunangoja.

Lakini si hayo yaliyonifanya nikuandikie. Kazi itapatikana, na maneno ya watu yatachoka yenyewe.

Mjomba, siku ile ulipompigia Mama Unni ukamwapisha mbele ya taa ya miungu, simu ikiwa sikioni, kwamba asiende kumwona, mimi nilikuwa jikoni kwenu. Kwa ulivyofoka nilikusikia hadi jikoni, ukisema mwanamume anayemkimbia mnyama aliyemlea kwa mkono wake na kwenda kumpiga mzee si mwanao. Yeye aliapa. Unamjua mkeo, hajawahi kuvunja neno lako hata ukiwa ng'ambo ya bahari.

Basi nikuambie anavyolishika. Kila siku asubuhi anapika uji wa mchele na dengu, anapanda basi na bakuli lake, anafika hospitali. Anakaa kwenye benchi la chini, karibu na dirisha la dawa. Hapandi ngazi. Aliapa kutomwona, basi hamwoni. Ananipa bakuli mimi, napandisha. Nikishuka anashika lile bakuli, anaangalia uji umebaki kiasi gani, anauliza amekula kwa mkono gani, amelala upande gani, amenyolewa ndevu au bado. Kisha anakaa tena mpaka jioni. Walinzi wanamjua sasa, wanamletea chai.

Unni hajui kama yupo. Mama Unni amenikataza kusema, anaogopa atashuka na mrija wake. Juzi alionja uji akaniuliza, "Huu kapika nani?" Nikasema mimi. Akanitazama. "Wewe? Wewe hata maji unaunguza." Alitaka kucheka, mbavu zikamkataza. Halafu akauliza, "Mama yuko nyumbani?" Nikajibu ndiyo, yuko nyumbani. Akageukia ukutani, na uji hakuumaliza siku ile. Nilishuka na bakuli nusu, Mjomba, nikamkabidhi yule mama mikononi.

Wewe kunikasirikia mimi naweza kustahimili. Unni pia ana kichwa kigumu kama chako, atastahimili. Lakini huyu aliyekaa benchi amefanya kosa gani? Nimekasirika, Mjomba, nakuambia wazi, na ukirudi unichape ukitaka. Umemwadhibu asiyekuwamo hata kwenye video.

Na Ijumaa naondoka. Daktari ameninyima siku zaidi, ana haki, tembo wa Mysuru wanangoja na nisipokwenda mafunzo yangu yanahesabika bure na mwaka narudia. Mama yangu mgongo haumruhusu ngazi. Nikishaondoka, chakula kitafika benchi na kuishia hapo.

Shamsu anatua kesho. Barua utaipata kesho jioni, au Alhamisi akichelewa kwa uvivu wake. Nimehesabu muda huo ukatosha.

Nisalimie Babu Koya mnayekaa naye chumba kimoja, na watoto wa Latheef. Mama anakusalimu na anasema hajakununia, ila ukimya wako unamnyima usingizi. Bibi anakuombea kila jioni, wewe na Unni kwa pamoja, majina hayatenganishi. Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe ukiwa na afya, na akulainishe moyo kabla ya Ijumaa.

Mama Unni anakusalimu sana. Nimemuuliza niandike nini zaidi, akasema salamu zinatosha. Simu yake iko mapajani, haiweki mfukoni tangu siku ile. Mwambie neno moja tu, Mjomba: panda.

Mpwa wako akupendaye hata akiwa amekununia,

Theertha