Vipande vya Dawa Katika Kahawa Yetu

Njiro, Arusha

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kukuomba umrudishe Mzee Prosper katika kikundi chetu cha kahawa, jambo ambalo nimeona halifai kusemwa kwa simu. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na kwamba Mama amemaliza kupalilia migomba. Mimi ni mzima, na maabara wamenithibitisha kazini.

Utakumbuka kwamba ripoti ya maabara yetu kuhusu kahawa ya kikundi ilipotoka, ulinipigia kuuliza maana ya herufi CID zilizojaa humo. Nilikujibu kwa Kiingereza cha chuo, nikafurahi uliposema kwamba binti yako amekuwa profesa kabla ya kuota mvi. Ulichoelewa kikawa kimoja tu: kahawa ya kikundi ina dawa ya wadudu. Kikaoni ukasema nyanya za jirani yetu Prosper zinanuka dawa hata inzi wanazikwepa. Watu wakacheka, naye akatolewa. Mama ananiambia kwamba mkewe, Marta, siku hizi hukaa benchi la nyuma kanisani na kuondoka kabla ya mnada wa mavuno.

Ningekueleza hivi tangu mwanzo. Ndani ya mashine yetu tunaigonganisha molekuli na gesi mpaka ivunjike, na CID ni ufupisho wa jina la Kiingereza la kuvunjika huko. Kila dawa huvunjika kwa namna yake, na vipande vyake ndivyo vinavyoitambulisha. Vipande tulivyovipata si vya dawa ya nyanya. Ni vya dawa ya kuhifadhia mahindi yasiliwe na dumuzi. Nililijua hilo siku ileile uliyonipigia, nami nikashughulika na herufi.

Baba, wiki hii nimepima upya kahawa ya kila mwanakikundi, mmoja mmoja. Ya Prosper ni safi, na ya wengine ni safi. Yenye dawa ni yetu. Magunia yetu ya kahawa hulala darini, ubavuni mwa mahindi unayoyachanganya na dawa ya unga kila msimu. Najua hukukusudia, na naumia kwamba ni mimi ninayekuambia.

Mpe Mama shikamoo yangu, na mdogo wangu Arnold salamu nyingi.

Usinisubiri nyumbani. Chuma jani la isale la kuombea radhi, pale kwenye mpaka wetu na Prosper, tukutane langoni kwake Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Binti yako,
Evelyn Sumari