Kiraka cha Pete ya Mama

Bi Mwanapili, assalaam alaykum. Nakuandikia nimejifungia chumbani na mlango nimeutia komeo, watoto wanadhani nasali, na mume wangu nimemwambia kichwa kinaniuma, wala si uongo kwa sababu ni wiki ya pili sasa sijalala usingizi wa maana, na nikikosa kulisema jambo hili kwa mtu nitapasuka. Naomba unisaidie kwenye ukurasa wako gazetini kabla siku hazijaisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, naishi Jadida, Wete, na mama yangu yuko kwetu Mtambile, anakaa eda ya marehemu baba. Siku ile baba alipofariki, kabla hata maiti haijatoka, mama aliivua pete yake kwa sabuni, maana kidole kilikuwa hakiitoi, akanitia mkononi akaniambia, "Nitunzie, mwanangu. Mie sasa si wa kuvaa. Siku n'takayotoka eda, weye ndo utan'visha." Nikaifunga kwenye leso nikaondoka nayo, na katika maisha yangu sijaiona pete ile imetoka kidoleni kwake isipokuwa siku hiyo.

Sasa nikuelezee pete yenyewe, Bi Mwanapili, ili ujue nilichokifanya. Ilikuwa pete ya dhahabu ya zamani, ile nyekundu nyekundu, na jiwe la akiki lililopauka upande mmoja, na mzunguko wake umelika kwa kufua na kupara samaki hata umekuwa mwembamba kama uzi, halafu kwa chini ina kiraka, kipande cha dhahabu ya rangi nyengine kilicholehemiwa vibaya, kimetuna kama kovu. Mimi nilikuwa nakiona kiraka kile toka mdogo na nilikuwa nakionea haya. Nasema kweli, nikikaa naye harusini nilikuwa nataka mkono wake ule uwe chini ya buibui.

Basi mwezi wa tatu wa eda nikaanza kuifikiria siku ya kutoka, kwamba watakuja watu, watakuja wifi zangu kutoka Unguja na mikono yao imejaa dhahabu, na mama atakogeshwa na kufukizwa udi na kuvishwa nguo mpya, halafu mimi mbele ya watu wote nimvishe kile kiraka. Nikajisemea, miaka yote hii mama hajapata kitu kipya, acha nimfurahishe. Nikaichukua pete nikenda Chake Chake kuibadilisha kwa sonara mmoja mtu mzima, tumwite Mzee Ahmada, akaisugua kwenye jiwe lake la kupimia, akaitazama ndani na nje, akaniuliza, "Pete ya nani hii, mwanangu?" Nikamwambia, "Yangu." Akanitazama tena. "Yako weye?" Nikasema, "Yangu."

Akanitolea pete tatu nichague. Moja ya fedha yenye feruzi, kazi ya zamani, jiwe limezungushiwa ukingo. Moja ya dhahabu nyeupe na kijiwe cha buluu cha Arusha, nzuri lakini ya msichana. Na ya tatu ya dhahabu ya manjano ya kung'aa, jiwe jekundu kubwa limeshikwa na kucha sita. Mzee Ahmada hakunidanganya, aliniambia jiwe lile ni la kiwandani, na kucha kama zile hunasa kwenye khanga na jiwe hudondoka, akasema ya feruzi ndiyo ya mtu mzima. Mimi nikachagua la kung'aa, kwa sababu linaonekana toka mlangoni. Akachukua koleo akaling'oa jiwe la akiki, maana kwenye mizani haliendi jiwe, inakwenda dhahabu peke yake, akalifunga kwenye karatasi akanipa. Nikamwambia, "La nini hili? Litupe tu." Na pete ya mama akaitia pamoja na vyuma vyake vya kuyeyusha.

Bi Mwanapili, Ijumaa ya wiki iliyopita nilikwenda Mtambile, nikawa nampaka mama mafuta ya nazi mikononi, na ile alama ya pete ingalipo kidoleni, ngozi imebonyea na imekuwa nyeupe. Akaniuliza, "Pete yangu i salama?" Nikamwambia, "I salama, mama." Akacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona anacheka toka msiba, akasema, "Kile kiraka wakijua cha nini weye?" Nikamwambia sikijui. Akasema, "Chako kile. Mimba yako ilinivimbisha mwili wote, kidole kikawa cheusi, wanawake wakasema kitakatika. Babako kanipeleka kwa sonara, ikakatwa. Sonara kamwambia, hii kwisha, iache hapa uchukue nyengine. Babako kasema hii hii, itiwe kiraka, na mtoto akizaliwa mzima kiraka kibaki vivyo hivyo, kisisuguliwe. Basi mie nikikishika kwa kidole gumba nawaona nyote wawili, yeye na weye."

Nikatoka nje kulia, nikajifanya natapika.

Nimemwambia binamu yangu Samiha peke yake. Yeye anasema nisiwe mjinga, kuna picha ya harusi yangu ambayo mkono wa mama unaonekana vizuri, tuipeleke kwa sonara mwengine atengeneze pete kama ile, atie akiki, aikwaruzekwaruze, aweke na kiraka, mama mwenyewe ana mtoto wa jicho hatojua. Anasema mama ana presha na nikimwambia ukweli nitamzika baada ya baba. Zimebaki siku kumi na moja atoke eda. Ile pete mpya iko kabatini na siwezi kuitazama. Nimpe hiyo? Nitengeneze ya kuigiza? Au nimwambie? Na nikimwambia, namwambiaje, mimi ambaye kiraka kile ndicho mimi na nimekiuza kwa mkono wangu? Naomba unijibu, na usinionee huruma kama sistahiki.

Binti yako wa Jadida

BI MWANAPILI ANAJIBU

Wa alaykumu ssalaam, binti wa Jadida. Allah amrehemu baba yako na ampe subira mama yako. Barua yako nimeirusha foleni, wapo maharusi wawili walioniuliza pete ipi ni bora, ya zamani au ya kisasa, na wao watangoja. Na wakiisoma hii labda hawatahitaji kujibiwa. Kwa hesabu yangu, ukilipata gazeti hili zitakuwa zimebaki siku sita, kwa hiyo kaa kitako unisikilize.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Mara ya pili nilikukasirikia, na bado nina yote mawili.

Umesema ulitaka kumfurahisha mama. Sikatai kwamba lilikuwemo hilo. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba ulichagua jiwe linaloonekana toka mlangoni. Mama yako haketi mlangoni, mwanangu. Wanaoingia mlangoni ni wifi zako. Pete ile uliwanunulia wao, na ukalipia kwa kitu cha mama yako, tena alichokupa amana siku ya msiba. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, wewe hukuacha wako tu, umeacha wa mwenzio.

Basi, yamekwisha. Dhahabu ikishayeyuka haina mtu wa kuirudisha, na kukugombeza hadi mwisho wa ukurasa hakutokuletea hata chembe yake. Na usidhani nakuona mbaya. Binti mbaya hajifungii chumbani. Mimi mwenyewe nina kosa nililomfanyia mama yangu kuhusu mkeka wake wa kusalia, nikasema nitamwambia Idi ikipita, na Idi haikumkuta. Ni miaka kumi na tisa sasa. Ndiyo maana naijibu barua yako kabla ya zote.

Sasa hilo la Samiha. Liache. Mpe salamu zangu na umwambie aliache. Mtoto wa jicho yuko kwenye jicho, hayuko kwenye kidole gumba. Mwanamke aliyeigeuza pete moja karibu miaka arubaini ataijua ya kuigiza kabla hujamaliza kumvisha, ataijua kwa uzito, ataijua pale kiraka kilipotuna. Na unajua atakachofanya? Atanyamaza. Watu wamejaa, udi unafuka, mwanawe anamtazama, atanyamaza na atacheka, halafu atakaa na uongo wako hadi kufa kwake ili asikuaibishe. Huo ndio mzigo unaotaka kumtwisha mjane?

Na ile mpya ya jiwe jekundu usimvishe mbele ya watu, kwa sababu itakuwa umemfunga mdomo hivyo hivyo.

Utamwambia. Presha ya mama yako naiogopa kama unavyoiogopa wewe, lakini haiponi kwa kudanganywa, na siku sita zina nafasi ya kulifanya jambo hili kwa upole. Mwulize nduguyo au jirani anayemtazama mama, dawa zake anazinywa saa ngapi. Nenda asubuhi, awe ameshakula na amekunywa dawa. Asiwepo Samiha, wala usimtume mtu mzima akutangulie kulainisha. Kaa chini kwenye mkeka, yeye awe juu. Usianze na wifi zako, usianze na nia njema. Nia njema mwachie aione mwenyewe, akipenda.

Kabla ya hapo, kesho, pitia Chake kwa Mzee Ahmada. Sonara aliyemuuliza mtu mara mbili pete ya nani si mtu wa kutupa akiki, huenda ameiweka kopo moja na vijiwe vyengine. Mwambie ukweli na yeye, maana na yeye ulimdanganya. Ukilipata jiwe, lifunge kwenye leso ile ile. Usipolipata, nenda Mtambile mikono mitupu, lakini nenda. Usije ukaniambia unangoja jiwe.

Akilia, mwache alie. Akikufukuza, kaa barazani. Akikuuliza kwa nini, mwambie ulikionea haya kile kiraka. Ndiyo, mwambie hivyo hivyo. Litakukata maini, na yeye litamuuma, lakini ni hilo tu ndilo litakalomfanya akuamini maneno mengine yote.

Siku ya kutoka eda, kama anataka kutoka na kidole kitupu, na atoke nacho, na wifi zako wakiuliza wewe ndiye wa kuwajibu. Baadaye, akiwa na moyo, mchukue mwenyewe kwa sonara. Akae, apewe maji, achague yeye. Akitaka akiki yake itiwe kwenye fedha, itiwe kwenye fedha. Akitaka pete ya zamani yenye jiwe la mtu asiyemjua, au mpya ya leo, au asitake kabisa, ni kidole chake. Mwambie sonara alizungushie jiwe ukingo, kucha za nini kwa mtu anayepara samaki. Na ile ya jiwe jekundu ni mali ya mama yako pia, imetoka kwenye dhahabu yake. Mpelekee aamue la kuifanya. Usije ukaivaa wewe.

Na nyie maharusi wangu wawili, mmesikia? Pete mpya itazameni jiwe na kucha zake. Ya zamani, kabla hamjaipeleka kwenye mizani, igeuzeni, na kila mkwaruzo mtakaouona ndani muulizeni mwenyewe ulitoka wapi, maadamu yupo wa kuulizwa.

Binti wa Jadida, uliniuliza unamwambiaje. Najua ukifika mbele yake maneno yote haya yatapotea, kwa hiyo nakupa moja tu la kulishika njiani hadi Mtambile. Sonara alikuuliza mara mbili pete ya nani, na mara mbili ulijibu. Mshike mama yako mkono ule wenye alama, umwambie: "Mama, nilisema ni yangu."