Miaka ya Adelaïde

Burungu, tarehe 17 Agosti 1954

Kwa kaka yangu mupendwa Benoît, ku Walikale

Nakusalimia sana, kaka. Uko muzima? Ile kikohozi ya kule ku mugodi ilipona? Sisi tuko na afya, na ng'ombe zinatoa maziwa vizuri. Mama tu njo hanisemeshi tena. Nakuandikia mbele, ili usisikie habari hii kwa midomo ya wengine.

Unajua mudogo wetu Paul alitaka kuoa Adelaïde, binti ya Sebahire, yule binti nilisimamia ku batizimu. Paul iko na miaka makumi mbili na tatu. Ng'ombe za mahari zilikwisha kupelekwa, siku ya arusi ilipangwa. Njo mutu akaenda kusema ku tribinali kama binti angali mutoto. Sheria ya Leta, serikali ya Wazungu, inakataza kuozesha binti mwenye hajafikisha miaka kumi na ine.

Mbele ya juji, Sebahire akaapa kama binti yake iko na kumi na sita. Paul akaapa vilevile. Karatasi ya batizimu, walisema, panya walikula. Juji akaniita mimi, kwa vile nilimusimamia ku batizimu.

Mama alikuwa amenishika mukono ku mulango: "Mukashema, sema kumi na sita. Weye na Paul mulitoka tumbo moja."

Nilisimama. Lakini mutoto wangu Hakorimana na Adelaïde walibatizwa siku moja, Pasaka ya 1941, wangali wa kunyonya, na mimi nilikuwa pale. Nikasema: "Iko na miaka kumi na tatu, Bwana Juji. Sawa na mutoto wangu."

Paul akanitazama. "Dada, hata weye?"

Arusi ikavunjwa. Paul na Sebahire wakafungwa miezi mbili juu ya kuapa uongo. Napeleka chakula kule. Paul anapokea sahani bila kuniangalia.

Adelaïde iko kwangu, kwa vile mama yake alikufa. Nilifikiri ananichukia naye. Jana, tukichambua maharagi, akasema polepole: "Mama, mimi sikumutaka."

Kaka, nikaacha maharagi, nikamushika mukono. Tulibishana miaka yake mbele ya watu wote, na hakuna mwenye alimuuliza yeye mwenyewe. Hata mimi.

Kama unaona nilikosa, uniandikie wazi.

Usalimie shemeji Béata na mutoto wenu Gatera. Mungu akuingize na akutoshe muzima ku mugodi kila siku.

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda hata ukikasirika,

Mukashema